Nyavu kazipatia, mapenzi bado: nimwambieje binamu yangu?

Wakuu, naomba ushauri. Binti wa shangazi yangu kaandika riwaya fupi ya mapenzi, daftari mbili kubwa, kanipa niisome kwanza kwa kuwa nauza dagaa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza.

Mazingira kayapatia mpaka chai ikanipoa. Shujaa wake ni mvuvi wa dagaa, na wapenzi wanaonana siku za mbalamwezi tu. Asiyelijua ziwa atadhani ni madoido ya mapenzi. Kumbe mwezi ukiwaka sana taa hazivuti dagaa, wavuvi wanabaki nchi kavu. Giza likirudi, dada wa watu anakaa ufukweni anahesabu taa majini, hajui ipi ni ya mtu wake. Hapo nilifunga daftari kwanza. Kuna na akina mama wanaowahi kuanua dagaa mvua ikitanda, na Jiwe la Bismarck, ule mwamba maarufu wa ziwani hapa Mwanza, bila zile sifa za watalii.

Shida ni mapenzi yenyewe. Wakikutana hawaongei kitu! "Nakupenda." "Nami pia." Halafu kurasa tatu za nyavu. Nimeijua karabai yao kuliko nilivyomjua huyo dada.

Nimeahidi kumjibu Jumapili. Machozi yake yako karibu, na mama yake ndiye aliyenilea. Nimshauri apunguze mambo ya ziwa, au ayaache yalivyo na awape wahusika maneno? Na nyie mnaoandika, ukweli kama huu mliupokea vizuri kutoka kwa ndugu, au nimtafute mtu baki amwambie?