Kikundi cha "Nyumba ya Mama": malipo mapya ya Dada Asha

Rehema, saa 2:05 usiku
Shikamoo Mama, shikamooni Mjomba na Mama Mdogo. Wadogo zangu, habari za jioni. Nimeona niliandike jambo hili hapa badala ya kumpigia simu kila mmoja, maana likipita kwa mdomo litamfikia Salim likiwa na sura nyingine. Leo Dada Asha alipomaliza usafi aliomba tuzungumze. Ameniambia, kwa upole kabisa, kwamba nyumba nyingine mbili anazofanyia kazi zimempandishia malipo, kwamba wenzake wanaoanza kazi sasa wanaanzia juu ya kile anachopata kwetu, na kwamba angependa na sisi tumwongeze asilimia 30. Hakututisha wala hakusema ataondoka. Tumemlipa kiwango kilekile kwa miaka mitatu kamili, na kwa kuwa tunachanga watatu siwezi kumjibu peke yangu. Nimemwahidi jibu kabla ya Jumatano.

Salim, saa 2:31 usiku
Shikamooni wakubwa. Dada Rehema, asante kwa kulileta jambo hili mbele ya wote. Sikatai nyongeza, ila asilimia 30 kwa mkupuo mmoja ni kubwa, na sidhani kama kuna yeyote kati yetu ambaye mwajiri wake amemfanyia hivyo. Napendekeza tumpe asilimia 10 sasa na asilimia 10 nyingine mwakani. Ikionekana haitoshi, tunaweza kujazia kwa vitu: nina kabati ambalo halitumiki, na nyumbani kwangu kuna nguo nzuri ambazo hazina mvaaji.

Mama Mdogo, saa 2:44 usiku
Marahaba wanangu. Salim, kabati mpe kwa moyo mkunjufu, lakini usilihesabu kuwa malipo. Miaka niliyoshughulikia mashauri ya kazi, vitu vilivyoingizwa kwenye mshahara ndivyo vilivyozaa ugomvi mwingi kuliko fedha yenyewe. Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva tarehe 16 Juni 2011 mahususi kwa wafanyakazi wa nyumbani, unaeleza katika Kifungu cha 12 kwamba walipwe kwa fedha, moja kwa moja, kwa vipindi vinavyojulikana na angalau mara moja kwa mwezi. Sehemu ndogo inaweza kutolewa kwa vitu, ila mfanyakazi awe amekubali, vitu viwe vya matumizi na manufaa yake mwenyewe, na thamani yake ihesabiwe kwa haki. Mkataba huo huibana nchi iliyouridhia, lakini hata mahali usipobana ni kipimo kizuri. Asha hajaomba kabati. Rehema, je, kima cha chini cha kisheria umekitazama?

Rehema, saa 2:50 usiku
Nimekitazama, Mama Mdogo. Tuko juu yake, ingawa kwa kidogo tu.

Mama Mdogo, saa 2:52 usiku
Basi hatujavunja sheria, lakini tusijisifu kwa hilo. Kima cha chini ni sakafu, na hakuna anayelala sakafuni kwa kupenda.

Zuhura, saa 3:15 usiku
Shikamooni. Mimi ndiye ninayeishi na Mama, kwa hiyo niruhusuni niseme ninachokiona kila wiki. Tunabishana kuhusu asilimia bila kusema asilimia hizo ni za kazi gani. Tulipomchukua Dada Asha tulikubaliana asubuhi tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila asubuhi: kufagia na kudeki, vyoo na bafu, kufuta vumbi, na kufua. Baadaye, bila mtu yeyote kukaa naye kitako, kazi zikajiongeza zenyewe. Kupiga pasi kulianza siku moja nilipokuwa na haraka, na siku ile haijaisha mpaka leo. Mapazia yaliingia tukijiandaa kupokea wageni. Halafu Mama alipoumwa goti, Dada Asha akawa ndiye anayemshika mkono kwenye ngazi na kumsimamia mazoezi aliyoagizwa na daktari, kazi ambayo ni ya uuguzi zaidi kuliko ya usafi. Hakuna siku niliyomwona akitoka kabla ya kutimiza saa tano za kazi. Mwezi uliopita niliandika muda wake kwa wiki nne, na wastani ulikuwa saa 15 kwa wiki, si 12 tulizokubaliana.

Salim, saa 3:22 usiku
Sitaki kuonekana mtu mbaya, lakini pengine anafanya kazi polepole.

Zuhura, saa 3:24 usiku
Kaka, siku moja alipougua nilishika fagio mimi mwenyewe. Adhuhuri ilinikuta sijagusa pasi, na mgongo uliniuma siku mbili.

Salim, saa 3:25 usiku
Nimeyafuta maneno yangu.

Mjomba, saa 3:58 usiku
Marahaba. Nimesoma yote, nikachukua karatasi, maana mtu aliyekaa na vitabu vya hesabu umri wake wote hawezi kusikia namba zikitupwa hewani akanyamaza. Tuseme malipo tuliyoanza nayo yalikuwa 100 kwa saa 12. Sasa chukueni kwa mfano tu kwamba bei za vitu zimepanda asilimia 6 kila mwaka. Mwenye namba yake nyingine na aiweke, njia ya kuhesabu ni ileile. Baada ya miaka mitatu, kilichokuwa kikinunuliwa kwa 100 kinahitaji 119. Hiyo ina maana kwamba ili Asha abaki palepale alipokuwa siku ya kwanza, bila kupata faida hata ya senti moja, anahitaji nyongeza ya asilimia 19. Salim, mpango wako wa 10 kisha 10 unamfikisha 121 mwakani, wakati ambapo bei zenyewe zitakuwa 126. Tutakuwa tumempandishia mara mbili na bado yuko nyuma. Wewe unayesema hujawahi kuongezewa asilimia 30, nadhani umekuwa ukiongezewa kidogo kidogo kila mwaka; yeye kwa miaka mitatu ameongezewa sifuri.

Hiyo ni upande wa bei. Upande wa saa ndio unaouma zaidi. Kama 100 ileile sasa inalipia saa 15 badala ya 12, basi kila saa yake imepunguzwa kwa moja ya tano, na sisi ndio tulioipunguza bila kutamka neno. Unganisheni yote mawili: saa moja ya Asha leo inanunua kama theluthi mbili ya ilichonunua alipoanza. Ili kuirudisha, kwa saa hizi 15, angehitaji asilimia 49.

Sasa tazameni ombi lake. Ameomba 130 kwa saa 15. Gawanyeni, mtaona kwamba kwa kila saa anaomba asilimia 4 tu juu ya tulichomlipa siku ya kwanza, miaka mitatu iliyopita. Mtu huyu hajaomba kingi. Ameomba kama anayeogopa kukataliwa.

Rehema, saa 4:10 usiku
Mjomba, nimeisoma hiyo ya asilimia 4 mara tatu, na nimeona aibu. Hata hivyo, lazima niseme na upande wa mchango wetu. Asilimia 49 hatuiwezi, nami sitaki tumwahidi Dada Asha kitu ambacho baada ya miezi mitatu tutaanza kukilipa nusunusu. Naona tuna vitu viwili vya kusogeza: malipo na saa. Kama malipo hayawezi kufika 149, basi saa zisibaki 15. Kitu ambacho hatuwezi kuendelea nacho ni kumwongezea fedha kwa mkono mmoja na kazi kwa mkono wa pili.

Zuhura, saa 4:14 usiku
Pasi naichukua mimi, iliingia kwa sababu yangu. Hiyo inapunguza saa moja kwa wiki. Mapazia nayo yaondolewe kwenye kazi ya kila wiki, na siku tukitaka yafuliwe tumwombe na tumlipe siku hiyo peke yake. Mazoezi ya Mama ndiyo siwezi kuyaahidi, kwa sababu asubuhi nina kazi zangu.

Mama, saa 4:40 usiku
Marahaba nyote. Nilikuwa nimelala, simu ikaniamsha kwa kulia. Mnazungumza kuhusu nyumba yangu kana kwamba mimi sipo. Asha hafanyi kazi hizo za ziada bure. Tangu goti lianze namlipa mwenyewe kwa muda anaobaki, kwa sababu mimi ndiye niliyemwomba abaki. Si kila wiki, ni wiki ninapokuwa nacho. Nilimkataza asiwaambie.

Salim, saa 4:46 usiku
Kumbe fedha ninayomtumia Mama kila mwezi ndiyo iliyokuwa ikilipia kile ambacho mimi nimekuwa nikikataa kukilipa. Mama, kwa nini hukutuambia?

Mama, saa 4:49 usiku
Mngeanza kupiga hesabu.

Mjomba, saa 4:51 usiku
Dada yangu, hesabu tumezipiga hata hivyo.

Rehema, saa 5:02 usiku
Mama, utuwie radhi. Ninaomba tuwe waangalifu hapa, kwa sababu naona mtego. Ni rahisi sasa kusema, "Kumbe anapata zaidi ya tulivyodhani, basi nyongeza iwe ndogo." Tukifanya hivyo, tutakuwa tumeichukua fedha ya Mama, tukaipaka rangi na kuiita nyongeza yetu, na Dada Asha atabaki na kilekile. Isitoshe, fedha inayokuja wiki hii na kukosekana wiki ijayo haimsaidii mtu kupanga kodi wala karo. Saa ambazo Mama amekuwa akizilipia kwa kubahatisha ndizo zinazopaswa kuingia kwenye malipo yanayojulikana.

Mjomba, saa 5:09 usiku
Umesema vyema. Basi hesabu ya mwisho ni hii. Pasi ikitoka, zinabaki saa 14, mazoezi ya goti yakiwa ndani yake. Saa 14 kwa kiwango kilichorekebishwa kulingana na bei ni 139.

Salim, saa 5:13 usiku
Tuifanye 140. Kila saa inakuwa imepanda asilimia 20 kutoka mwanzo, na hata mimi ninaweza kulieleza hilo bila karatasi. Ninajua ni zaidi ya alichoomba, na ninajua nilianza na 10. Sehemu yangu nitaiweza kwa kuacha mambo mawili matatu ambayo sihitaji kuyataja hapa.

Zuhura, saa 5:14 usiku
Nakubali 140.

Rehema, saa 5:15 usiku
Nakubali. Mama, na wewe sasa uache kumlipa kwa siri.

Mama, saa 5:17 usiku
Nimefurahi kwa hiyo 140. Fedha yangu mtaniachia mimi.

Mama Mdogo, saa 5:30 usiku
Kabla hamjalala, yaandikeni. Kifungu cha 7 cha mkataba ule nilioutaja kinataka mfanyakazi wa nyumbani aelezwe masharti ya kazi yake kwa njia inayoeleweka, ikiwezekana kwa maandishi: aina ya kazi, malipo na jinsi yanavyohesabiwa, saa za kawaida, mapumziko. Ukurasa mmoja unatosha, nakala mbili, moja yake na moja yenu. Wekeni pia mwezi wa kuyatazama malipo kila mwaka, ili asilazimike tena kujikaza miaka mitatu ndipo aombe. Wekeni na hili, ambalo familia nyingi hulisahau: mkisafiri mkamwambia asije, siku hiyo ni yenu, ilipwe. Yeye alikuwa ameitenga kwa ajili yenu na hakuchukua kazi nyingine. Na Rehema, usimpelekee karatasi iliyokwisha kukamilika. Nenda na rasimu, kaa naye, msome pamoja, umwache aseme.

Rehema, Jumanne, saa 12:20 jioni
Habari za jioni wote. Nimekaa na Dada Asha leo na tumeisoma rasimu mstari kwa mstari. Alipoona 140 alinyamaza, kisha akaniuliza kama nimekosea kuandika. Nilimweleza kuhusu saa na kuhusu bei. Akasema saa zake alikuwa akizihesabu tangu zamani, ila hakuona njia ya kutuambia bila kuonekana analalamika juu ya Mama, ambaye anampenda. Amekubali saa 14, na amekubali kuendelea na mazoezi ya goti, kwa sharti kwamba Mama akijisikia vibaya kuwe na mtu wa kumpigia simu papo hapo, asiachwe peke yake na jukumu lisilo lake. Nimeliandika sharti hilo, na namba ya kwanza ni yangu. Mapazia amesema tumjulishe wiki moja kabla.

Amebadilisha jambo moja tu, nalo halihusu kiasi. Ameomba fedha yake ije mara moja, siku moja. Kwa sasa inamfikia katika vipande vitatu kutoka kwa watu watatu, na kipande cha tatu huchelewa, wakati mwingine kwa siku tisa, naye anaona haya kukidai. Hakutaja jina la mtu.

Zuhura, saa 12:24 jioni
Changu hutoka tarehe mosi.

Salim, saa 12:41 jioni
Hakuhitaji kutaja jina. Kuanzia mwezi huu sehemu yangu nitamtumia Dada Rehema tarehe 25, na yeye ampelekee Dada Asha zote pamoja tarehe 30. Kipande cha mwezi uliopita ambacho bado kiko kwangu nakituma sasa hivi.