Mwezi umehama kweli ama macho ya ami yangu? Na "mwinamo wa obiti" ndo nini?

mwana_wa_amu:
Assalaam alaykum jamaa zangu, naomba mnieleweshe hapa. Ami yangu alikuwa nahodha wa jahazi miaka mingi na mpaka leo kila mwezi mpevu lazima akae gatini hapa Amu (Lamu) aungoje uchomoze nyuma ya kisiwa cha Manda, na anakaa pale pale siku zote. Sasa anasema mwezi umehama. Mpevu wa Juni 2025 ulitokea kulia kabisa, upande wa kwenda Shela, na ule wa Disemba ukatokea kushoto mbali sana, na anaapa kwamba miaka kumi iliyopita haukuwa ukifika huko kokote. Vijana wanamwambia ni uzee lakini mimi namjua, huyu mtu ameshika njia ya Lasini na Unguja kwa nyota tu. Nikafungua programu ya nyota kwenye simu nikakuta mwezi umeandikiwa manamba, mwinamo wa obiti 5.1, fundo la kupanda, sikuambulia kitu.

kaskazi77:
Wa alaykum salaam. Nafikiri ni dunia ndo imezidi kuinama, ndo maana hata msimu wa mvua umevurugika.

mwalimu_mld:
Hapana kaskazi77, dunia haijazidi kuinama. Ingezidi, jua nalo lingehama, na jua la Disemba bado linachomozea pale pale lilipokuwa likichomozea mwaka 2015, mwambie ami alipime ataona. Ila ami yako ameona sawasawa kabisa, na nimefurahi sana kusikia kuna mtu bado anaangalia namna hiyo.

Iko hivi mwana_wa_amu. Chukua bangili mbili, kubwa na ndogo. Kubwa ilaze mezani, hiyo ndo njia ya dunia kuzunguka jua, yaani obiti yake, na uso wa meza ndo bapa lake, wanaastronomia wanaliita ekliptiki na ndo wanalipimia mambo mengi ya mfumo wa jua. Sayari zote zimelala karibu na meza hiyo, hata Utaridi iliyozidi kuinama ni digrii 7 tu, kwa hivyo ukiona Zuhura na Mshtarii na Zohali jioni moja zimejipanga kama shanga kwenye uzi usishangae. Sasa bangili ndogo ishike iwe imeinama kidogo, nusu yake juu ya meza na nusu chini (tuseme meza ina tundu). Hiyo ni njia ya mwezi, na mwinamo wake ndo hiyo 5.1 uliyoiona. Pale bangili ndogo inapokata uso wa meza ndo mafundo, yako mawili, moja mwezi unapanda kwenda kaskazini na jingine unashuka. Mwezi haupatwi kila ukiwa mpevu kwa sababu mara nyingi unapita juu au chini ya kivuli cha dunia, mpaka uwe mpevu karibu na fundo ndo unapatwa, kama ile 7 Septemba 2025 ulivyogeuka mwekundu kuanzia saa mbili na nusu usiku.

Sasa jambo la ami. Bangili ndogo haitulii. Jua linauvuta mwezi na mafundo yanarudi nyuma polepole kuelekea magharibi, yanamaliza duara zima kwa miaka 18.6. Ikweta yetu nayo imeinama digrii 23.4 kutoka kwenye ile meza. Basi kuna miaka miinamo hii miwili inajumlika, 23.4 na 5.1 unapata 28.5, na kuna miaka inapunguzana inabaki 18.3. Mwaka 2015 ilikuwa ya kupunguzana, 2024 na 2025 ya kujumlika. Tofauti ni digrii 10 na ushei kila upande, na kwa sisi tulio karibu na ikweta digrii hizo zinaonekana hivyo hivyo pale mwezi unapochomozea. Mwambie ami anyooshe mkono akunje ngumi, upana wa ngumi ni kama digrii 10. Mwezi umesogea ngumi nzima!

binti_ngomeni:
Mwalimu amemaliza ila naongeza moja kwa sababu ni ya kwetu. Setilaiti hazipimwi kwa ile meza, zinazozunguka dunia mwinamo wake unapimwa kutoka ikweta. Ile Uhuru iliyorushwa hapa baharini Ngomeni, kwenye jukwaa la San Marco, tarehe 12 Disemba 1970 siku ya Jamhuri, mwinamo wake ulikuwa digrii 3. Unajua kwa nini 3? Kwa sababu sisi tuko karibu digrii 3 kusini mwa ikweta, na bapa la obiti lazima lipite kati kati ya dunia, kwa hivyo ukirusha kuelekea mashariki kabisa unapata mwinamo ule ule wa pahali uliposimama, huwezi kupata mdogo zaidi bila kuchoma mafuta mengi huko juu. Na obiti ya chini ya karibu na ikweta inakwepa ule mnururisho mwingi wa juu ya Atlantiki ya kusini ambao ungesumbua vifaa vyake vya kupima eksirei. Watu wanapita Ngomeni wanaona vyuma tu baharini, inaniuma.

mwana_wa_amu:
Mashallah. Na zile namba nyingine je?

mwalimu_mld:
Jumla ni sita. Mbili za umbo, ukubwa wa njia na imebonyea kiasi gani, manake Kepler alishaonyesha mwaka 1609 kwamba njia ni duaradufu si duara kamili. Ya dunia haijabonyea hata utambue, 0.017 (0 ni duara kamili), lakini kometi ya Halley, ile nyota yenye mkia, ni 0.967, ndo maana inapotea miaka sabini na kitu. Tatu zinasema njia imelalaje: mwinamo, fundo liko wapi, na ncha ya karibu (pale njia inapokaribia zaidi kile kinachozungukwa) imeelekea wapi. Ya mwisho inasema chombo kiko wapi kwenye njia saa hiyo. Halley mwinamo wake ni 162, ikipita 90 ujue inazunguka kinyume.

mwana_wa_amu:
Nimemsomea yote. Hakusema kitu, alinyoosha mkono akakunja ngumi akaiweka juu ya mikoko ya Manda, akasema "ndipo, toka hapa mpaka hapa". Sasa anataka kujua lini utarudi ndani.

mwalimu_mld:
Ushaanza kurudi. Mwaka 2034 ndo utakuwa umebana kabisa. Mwekeeni alama ya chokaa hapo gatini anapokaa, na kila mpevu wa Juni andikeni.