Tupeane uzoefu: Shabaha iko mbele yako, na mkono umeshaondoka

Mfuoni_Asili

Assalaam alaykum wana baraza. Mada hii nimeikalia muda mrefu kwa sababu ya aibu. Leo nasema.

Nimeishi Wisconsin, Marekani, miaka 11 kabla ya kurudi nyumbani Fuoni. Kule mzee mmoja jirani alinifundisha kuwinda kwa uta. Mnyama wao mie namwita kulungu kwa kukosa jina jingine: dume lina pembe za matawi, na mkia wake kwa chini ni mweupe, akishtuka anausimamisha kama bendera. Uta wenyewe si kama ule wa fito na kamba ya katani tuliochezea utotoni. Una roda mbili, moja juu na moja chini, kama roda za jahazi. Unavuta ratili 60, ukifika mwisho roda zinapinduka, mkononi unabaki na ratili 12 hivi. Yaani umevuta, umetulia, muda unao. Kwa hiyo siwezi hata kusingizia uzito.

Mwanzoni mwa Novemba madume huwa yamepagawa kwa majike, hayaangalii mbele wala nyuma. Asubuhi moja niko juu ya dungu, mita sita kutoka chini, nimejifunga mkanda kwenye mti, pua imekufa kwa baridi. Likaja dume. Nilisikia majani kwanza, halafu nikaona pembe, halafu likasimama ubavu, hatua 18 tu. Pahala pa kupiga ni nyuma ya bega, penye mapafu na moyo, duara la sentimita 20 hivi. Sahani ndogo. Nikavuta. Kile kinukta cha kulengea kilikuwa bado kiko gotini kwake, nakipandisha polepole, na kidole kikafyatua. Mie sikukiambia. Mshale ukapita chini ya tumbo ukajikita kwenye majani. Dume likaruka, likasimama, likautazama ule mshale, kisha likaondoka kwa mwendo wa mtu anayetoka msikitini.

Nikasingizia baridi. Wiki ile ile niko uwani kwa yule mzee, napiga gunia, hakuna mnyama, hakuna baridi ya maana: kinukta hakijafika kati, kidole kimeshaachia. Baada ya siku chache ugonjwa ukageuka sura. Kinukta kinapanda, kikifika shubiri moja chini ya kati kinaganda. Nasukuma hakiendi, kama kimegonga dari. Mzee akacheka, akaniambia wapiga uta wa Uingereza walikuwa na jina lao la siku nyingi, woga wa dhahabu, maana kati ya shabaha yao pamepakwa rangi hiyo. Wapo waliofika mashindano makubwa wakaacha uta kwa ajili yake.

Dawa aliyonipa ilinichosha kuliko ugonjwa. Kwanza aling'oa kile kipini chenye kinukta cha kulengea. Akanisimamisha mita mbili kutoka kwenye gunia, fumba macho, vuta, achia. Wiki tatu bila shabaha yoyote. Pili akanibadilishia kifyatuo: kile cha kubonyeza kwa kidole akakiweka mfukoni, akanipa kingine kinachofyatuka chenyewe ukiendelea kuvuta kwa misuli ya mgongo, mabega yakisogeleana. Hujui kitafyatuka lini. Mara ya kwanza nilishtuka nikapiga kelele. Tatu, na hili ndilo lililoniponya: kuvuta, kulenga katikati barabara, halafu kurudisha ugwe taratibu bila kupiga. Mara kumi kila siku. Mkono ujue kwamba jicho kufika si amri ya kuachia.

Mwaka wa pili, jike, hatua 14. Nikavuta, nikalenga, nikaona natetemeka, nikarudisha. Likageuka kidogo. Nikavuta tena. Bismillahi, na mabega yakaendelea yenyewe. Nikasubiri nusu saa kabla ya kushuka, kwani ukimfuata mnyama wa mshale mbio unamkimbizia mbali. Nilimkuta hatua sabini.

Najua hapa Unguja hakuna anayewinda hivyo. Lakini kiwewe hiki sidhani kama ni cha uta tu. Aliyekutwa na lake alete.

KontenaLiko Wapi

Miaka 11 Marekani, wenzako wanarudi na magari, weye umerudi na hadithi ya kumkosa paa. Endelea, nimekaa.

Msasi wa Maweni

Mwanangu Fuoni, umenikumbusha mbali. Mie ni wa Kusini, nimesasa tangu kijana. Sie kwetu ni nguruwe mwitu, na hatumfuati kwa nyama, sote tunajua. Tunamfuata kwa muhogo. Usiku mmoja kundi likiingia shambani, asubuhi unakuta mashimo tu. Tunakwenda na mbwa na nyavu na mikuki, nyavu zinatandazwa kwenye mapito yao mle maweni, mbwa wanamtoa kichakani.

Nguruwe wangu wa kwanza alinijia mie peke yangu. Nilirusha mkuki nimefumba macho. Naapa. Ukaingia kwenye wavu, nguruwe akapita baina ya miguu ya ami yangu, Mungu amrehemu, na yeye alinitukana mpaka magharibi.

Halafu usiku akaniita. Akaniuliza, "Uliona nini?" Nikamwambia nimemwona nguruwe. Akasema ndiyo kosa. Nguruwe mzima ni mkubwa, ana meno, ana macho, ana kishindo, ukimtazama mzima atakushinda. Tazama tope lililokauka nyuma ya mkono wake. Tope halina meno. Nikacheka, lakini safari iliyofuata nililitafuta lile tope. Lilikuwa la kijivu, limepasuka kama udongo wa jaluba wakati wa kiangazi. Sikumbuki kabisa sura ya nguruwe yule. Tope nalikumbuka.

Sasa niseme na upande wa pili, maana Fuoni amekosa mnyama tu, akabaki na aibu. Mpwa wangu alikuwa na mkono wa haraka kama huo wako. Majani yakatikisika, akarusha. Alikuwa Simba, mbwa wetu. Alipona, lakini hakuwahi tena kumkaribia yule kijana, na yule kijana hakurudi tena msituni. Mkono ukitangulia jicho hujui utaangukia wapi. Mle mna paa nunga, yule mwekundu mwenye mkanda mweupe makalioni, analindwa kwa sheria, na wamebaki wachache duniani. Kichaka kikitikisika unatakiwa ujue ni nani kabla mkuki haujainuka.

(Na anayetaka kuuliza kuhusu mbwa na najisi: kuosha mara saba, moja kwa udongo. Tunajua, msituchoshe.)

Bint Shengejuu

Ami Msasi, tope halina meno! Hii naiandika ukutani.

Abuu Yusra

Samahani nitoke nje ya mada. Huyo kulungu aliyekufa kwa mshale bila kuchinjwa, mlimla?

Maalim Kiwengwa

Swali lake lina mahala. Mshale ukitoboa kwa ncha, na mpigaji kataja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kupiga, akamkuta mnyama ameshakufa kwa jeraha hilo, ni halali. Akimkuta bado ana uhai uliotulia, amchinje. Ukimpiga kwa ubavu wa mshale akafa kwa kishindo, huyo haliwi. Tuendelee na mada.

Mfuoni_Asili

Ahsante Maalim. Na niongeze jambo ambalo yule mzee, ambaye si Muislamu, ndiye aliyeliona. Siku zile za kiwewe bismillahi nilikuwa naisema baada ya mshale kuondoka, au siisemi kabisa, kidole kimeshanitangulia. Akaniambia, "Yale maneno yako unayasema lini?" Tangu hapo nikayafunga kwenye mpangilio: kuvuta, kutulia, kulenga, kutaja, ndipo mgongo ufanye kazi. Nikijikuta sijataja, narudisha ugwe. Hakuna mjadala.

Mzuka wa Ng'ambo

Mnazunguka tu. Hiyo hasad. Mtu kakuona unafanikiwa ughaibuni, kakutupia jicho. Jisomee.

Mfuoni_Asili

Kusoma nasoma, sheikh. Lakini jicho gani hilo linalonifuata uwani, niko mie na gunia?

Nesi wa Mkoani

Niliapa sitachangia, lakini hapo kwenye "kinukta kinaganda" mmenigusa.

Mie ni muuguzi, Pemba. Shabaha yangu ni mshipa wa mtoto mchanga. Anayejua anajua: mkono kama kidole changu gumba, mama yuko pembeni analia, bibi wa mtoto yuko nyuma ananihesabia. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa mzuri. Halafu siku moja nilimkosa mtoto mmoja mara nne, mkono wa kulia, wa kushoto, mguu, mguu. Yule bibi akaniambia mbele ya wodi nzima, "Mwanangu, weye unajifunzia?" Basi. Tangu siku ile, sindano ikikaribia ngozi mkono unafanya moja ya mawili: unachoma haraka kabla sijaridhika na pembe, au unasimama hewani, nusu inchi, hauendi. Nilikuwa nabadilishana zamu nisikutane na watoto. Nilimpikia mwenzangu mmoja mikate ya kumimina mwezi mzima ili anichomee dripu zangu.

Aliyenitoa ni dada mkubwa wa wodi, sasa kastaafu. Alinikalisha akasema, "Unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kutafuta ni kazi. Kuchoma ni kazi nyingine." Akanikataza kushika sindano wiki nzima. Kazi yangu ikawa kutafuta tu: nafunga mpira, nafumba macho, napapasa kwa ncha ya kidole mpaka nausikia mshipa unavyobonyea na kurudi, kama uzi wa nailoni chini ya kitambaa. Nikiupata nasema "hapa," yeye anachoma. Wiki ya pili plasta zote nazikata mapema na kuzibandika ukingoni mwa trei, maana nusu ya kiwewe changu ilikuwa kufikiria plasta wakati sindano iko ndani. Wiki ya tatu akanirudishia sindano.

Na sharti moja: mara mbili tu. Ukikosa ya pili, mpe mwenzako, bila kunung'unika. Hilo lilinituliza kuliko dua za watu. Nilipojua kwamba naruhusiwa kuondoka, mkono ukaacha kukimbilia kumaliza. Hiyo ndiyo ile yako Fuoni ya kurudisha ugwe, nimeielewa mara moja.

Nimepona? Watoto wa watu, alhamdulillah. Wa ukoo wangu bado. Mwezi uliopita aliletwa mtoto wa dada yangu, niliviweka vifaa mezani nikaenda kusimama nje kwenye mwembe.

Kumi Mgongoni

Dada Nesi, hapo kwenye mwembe umeniliza.

Langu la penalti. Ndondo, uwanja wa mtaani, sitaji timu. Wale tunaokumbuka Machakos 2017, fainali ya Chalenji, kombe la Afrika Mashariki na Kati, timu yetu Zanzibar Heroes na Kenya mbili mbili, halafu penalti tukafa 3-2, tunajua penalti zinavyoweza kukaa kifuani mwa nchi nzima. Mie yangu ilikaa kifuani mwa mtaa mmoja tu lakini ni mtaa ninaoishi. Refa hajashusha mkono, nimeshaanza kukimbia. Mpira ukaenda kwa muuza miwa. Siku hizi naweka mpira, narudi nyuma, filimbi ikilia navuta pumzi moja kabla ya kutoka. Moja tu. Nimepiga tano tangu hapo, nne zimeingia. Ile moja kipa aliidaka vizuri, sina neno.

KontenaLiko Wapi

Muuza miwa alirudisha mpira?

Kumi Mgongoni

Aliuweka kwenye toroli akataka alipwe glasi zilizovunjika.

Mcheza Kerem Michenzani

Mie sijapona, nakuja kuomba msaada. Kerem, ule mchezo wa ubao wa kupiga kete kwa kidole ziingie mashimoni, nacheza tangu skuli. Zamani kidole kilikuwa kinapiga chenyewe. Mwaka huu, ikibaki kete moja, tena iko mdomoni kabisa mwa shimo, kidole kinanata kwenye gumba. Nakaa pale mpaka wazee wanaanza kukohoa. Halafu kinaruka ghafla, kete yangu ya kupigia inaingia shimoni badala ya ile nyingine. Kete za mbali napiga bila wasiwasi. Ni zile rahisi tu.

Nesi wa Mkoani

Hata mie. Mishipa migumu hailaumiwi kwa mtu. Iliyo wazi ndiyo inayoaibisha.

Mfuoni_Asili

Ndugu yangu Michenzani, ondoa kete zote. Ubao mtupu. Piga ile kete ya kupigia iende irudi, usilenge kitu. Macho fumba ukitaka. Hakuna shimo, hakuna hesabu, hakuna wazee. Siku kumi. Halafu weka kete moja katikati ya ubao, si mdomoni mwa shimo. Na kila ukiweka kidole tayari mara tatu, mara moja kiondoe bila kupiga.

Msasi wa Maweni

Na ukifika kwenye ile ya mdomoni, usiitazame kete. Itafutie tope.

Mcheza Kerem Michenzani

Ami, kete itakuwa na tope wapi?

Msasi wa Maweni

Haikosi alama. Itazame vizuri.

Mcheza Kerem Michenzani

Narudi kutoa habari, siku ya nne. Baraza likifungwa nauchukua ubao nyumbani, naupiga mtupu sebuleni, taa nimezima. Kidole kimeanza kulegea, naona. Ami, ile kete nyeusi ina mkwaruzo mdogo ukingoni, mfano wa kucha, miaka yote hii sikuwahi kuuona. Tatizo lililobaki ni mke wangu. Jana saa nane usiku kaamka, kasimama mlangoni na kanga begani, kauliza nacheza na nani gizani.