Mbwa katika picha ya mandhari ya kijijini ana maana gani?

Mchoraji wa Kisesa:
Habari zenu, ndugu wachoraji. Nimechora malisho ya upande wa Magu: ng'ombe wakirudi zizini jioni, mawe makubwa, ziwa kwa mbali, na mbwa mmoja nyuma ya mvulana anayechunga. Mteja ameipenda picha, ila ameniomba nimfute mbwa, kwa kuwa kwake mnyama huyo ni alama ya uchafu na matusi. Je, mbwa ana maana moja inayotambulika katika picha za aina hii?

Mwalimu wa Sanaa:
Ndugu, maana moja haipo. Wachoraji wa kale wa Ulaya walimweka miguuni pa wanandoa awe ishara ya uaminifu, lakini akitoka nje shambani hupewa kazi nyingine. Katika "The Hay Wain" ya John Constable ya mwaka 1821, mbwa amesimama ukingoni akilitazama gari la farasi lililomo mtoni, na jicho la mtazamaji hufuata anakotazama. Kwenye mchoro wa majaribio palikuwa na mpanda farasi karibu naye. Katika picha yenyewe mpanda farasi ameondolewa, mbwa amebaki. Pieter Bruegel naye, katika picha yake ya wawindaji thelujini ya mwaka 1565, amewachora wakiwa wametugeuzia mgongo, hivyo uchovu wao na umaskini wa windo, mbweha mmoja tu, tunausoma kwa mbwa walioinamisha vichwa.

Mkazi wa Kirumba:
Mteja asibezwe. Kwa Waislamu wanaofuata madhehebu ya Imamu Shafi, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba. Hata hivyo Surat al-Kahf inamtaja mbwa wa watu wa pangoni, aliyenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini, na sijui kama ulinzi umewahi kuchorwa kwa maneno machache kuliko hayo. Wako umemweka akifanya nini hasa? Akinusa dagaa walioanikwa, kama tunavyowaona hapa mwaloni, wavuvi wanaposhusha samaki, atasomeka kuwa mwizi. Akilifuata kundi, ni mchungaji wa pili.

Mchoraji wa Kisesa:
Nimerudi kuitazama. Kumbe nilimchora akitutazama sisi, wala si ng'ombe, ndiyo maana anaonekana kama mpita njia. Nitamgeuza kichwa amwelekee ndama aliyebaki nyuma, ndipo nimwonyeshe mteja tena. Akikataa nitamfuta, kwani picha ni yake, ila itanibidi nimsogeze na ndama karibu na kundi, maana atakuwa hana wa kumrudisha.