Viazi tunalima wote, pesa inaingia kwenye simu ya mume wangu, shukrani anapewa peke yake. NIMECHOKA!

Wakuu, habari zenu. Wakubwa shikamooni.

Nianze kwa kusema kwamba sihitaji kuambiwa nivumilie. Hilo nimeshaambiwa na mama mkwe, nikaambiwa na mawifi, nikaambiwa na kina mama wa jumuiya. Leo nimekuja kulalamika na naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaanza kunishambulia.

Sisi ni wakulima wa viazi, Mbeya Vijijini, upande wa Umalila. Wanaopajua wanajua baridi ya huku mwezi wa sita na wa saba, unaamka asubuhi vidole havikunji. Tuna shamba la viazi, kipande cha pareto, na mahindi ya kula. Viazi ndivyo vinavyotusomeshea watoto na ndivyo vilivyojenga nyumba tunayolala.

Sasa nani analima hivyo viazi? Mbegu nachagua mimi, nakaa stoo nageuza kiazi kimoja kimoja kuangalia macho yaliyoota na kutoa vilivyooza. Kupanda tunapanda wote. Kupalilia na kuinulia matuta ni mimi, watoto wakitoka shule, na vibarua wawili watatu ambao chakula chao napika mimi. Mvua za huku zikikolea, usipopiga dawa mara kwa mara ukungu unaingia, majani yanakuwa meusi na shamba limekwisha. Bomba la dawa anabeba mume wangu, sikatai. Lakini maji ya kuchanganyia dawa yanatoka mtoni bondeni, na yanapanda mlima juu ya kichwa changu. Msimu uliopita hata mbolea ya DAP ilinunuliwa kwa mkopo wangu wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Jina lililoandikwa kwenye daftari la kikundi ni langu, si la baba watoto.

Halafu ndiyo inafika siku ya kuvuna. Dalali anakuja na mnunuzi wake, magunia yanajazwa lumbesa, juu wanaweka kilemba na kukishona kwa kamba mpaka gunia linasimama kama mama mjamzito. Serikali imekataza lumbesa miaka yote, gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, lakini shambani nani anakuja na mzani? Hilo ni lalamiko lingine, leo niliache. Gari likishapakia linashuka Mbalizi kushika barabara ya Dar. Mimi nimesimama hapo na udongo mpaka kwenye viwiko. Simu inalia mfukoni mwa koti la mume wangu. Anaitoa, anasoma meseji, anaifunga, anairudisha mfukoni. Namuuliza, "Wametuma ngapi?" Ananijibu, "Wewe andaa chakula cha vibarua."

Kwa taarifa yenu, mpaka leo sijui viazi vile vilileta jumla ya shilingi ngapi.

Nikimbana ananiambia pesa ya viazi ni ya baba, ya mama ni maharage na mboga. Hajaitunga yeye, ndivyo wazee wa huku wengi wanavyosema, na vijana nao wamerithi hivyohivyo. Baadaye nasikia mtaani kwamba mdogo wake amenunua bodaboda. Mimi rejesho la VICOBA nimelilipa kwa kuuza kuku wangu na debe za maharage. Mwenyekiti wa kikundi alishaanza kuniangalia vibaya kwenye kikao, mimi niliyekuwa sijawahi kuchelewesha hata hisa.

Na hilo ningelimeza, nisingekuja hapa. Kilichonivunja moyo ni kipaimara cha binti yetu mkubwa.

Mnajua kipaimara cha huku, ukoo mzima unakuja. Nililala jikoni na wenzangu usiku ule, tumepika pilau kwenye moto wa kuni na moshi umetutoa machozi. Kufika wakati wa nasaha, baba mkubwa wa mume wangu akasimama. Akamsifu mwanawe, kwamba kijana amepambana, amejenga nyumba ya bati na tofali za kuchoma, anasomesha, hajauaibisha ukoo. Watu wakapiga vigelegele. Wakamvisha koti jipya mbele ya kadamnasi, wakampa na mbuzi. Mimi niliitwa kutoka jikoni nije NIMPONGEZE. Nikaja na kanga yangu imelowa, nikampa mkono.

Nikamwangalia. Nikasubiri achukue kipaza sauti aseme hata sentensi moja, "na mama watoto naye amefanya kazi." Akashukuru Mungu, akashukuru ukoo, akashukuru mchungaji, akashukuru na jirani aliyetuazima maturubai. Akakaa.

Jamani, maturubai!

Sihitaji mbuzi. Sihitaji koti. Mimi nilitaka binti yangu, siku yake ile, asikie kwamba mama yake ana sehemu katika nyumba aliyokulia. Kwa sababu yeye anaona kila siku. Anajua nani anaamka saa kumi. Sasa amejifunza nini pale? Kwamba mwanamke akifanya kazi, anashukuriwa mwanaume. Ataolewa na hilo kichwani.

Sasa nawajibu mapema wale watakaosema mwanamke anayedai mali ni jeuri wa mjini. Mimi mjini naenda Mwanjelwa kununua sare za watoto na kurudi. Lakini nimesoma mpaka kidato cha nne, na nimekaa kwenye semina ya wasaidizi wa kisheria hapa kwenye kata. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inasema mahakama ikigawa mali iangalie mchango wa kila mmoja kwa pesa, kwa mali AU KWA KAZI. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ikasema hata kazi za nyumbani ni mchango. Hiyo ni kupika na kulea. Mimi nina kupika, kulea na jembe juu yake! Na kifungu cha 59 kinamkataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila mwenzake kuridhia. Sheria ni ya zamani, wengine humu hamjazaliwa ilipotungwa, lakini kijijini kwetu bado inaonekana ni maneno ya wanawake wakorofi.

Kinachoniuma ni kwamba yote hayo yanakuja kutumika watu wakishaachana. Mimi sitaki kuachana! Wale mnaokimbilia kuandika "achana naye, rudi kwenu", pumzisheni vidole. Huyu mwanaume hajawahi kuninyanyulia mkono. Nilipojifungua kitindamimba kwenye baridi ya mwezi wa saba, alikuwa anaamka usiku kunikolezea moto na kunichemshia maji, na ndugu zake wakamcheka kwamba amekaliwa. Hakujali. Namshukuru kwa hilo, nimemwambia kwa mdomo wangu, na nimelisema hata kanisani mbele za watu. Ndiyo maana nauliza, kwa nini mimi naweza kushukuru hadharani na yeye hawezi? Mtu aliyeweza kuchekwa na ndugu zake kwa ajili ya maji ya moto ya mzazi, anashindwaje kutaja jina langu?

Nilimuuliza wageni walipoondoka. Akasema, "Wewe si mtu wa nyumbani? Mtu wa nyumbani anashukuriwa?" Alisema kwa upole kabisa, wala hakuwa na ugomvi. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza kweli, maana niligundua kwamba haoni. Kwake mimi ni sehemu ya nyumba, niko tu kama nguzo zilivyo.

Kina baba wa nyanda za juu, nawaambia ninyi wa Mbeya, Njombe, Iringa, wa viazi, wa parachichi, wa chai: wake zenu wanajua bei ya gunia. Tunasikia kwa madalali, tunasikia kwa majirani. Mnapotuficha meseji ya simu hamtufichi pesa, mnatuambia kwamba hatuaminiki na mali tuliyoitoa ardhini kwa mikono yetu. Halafu mnashangaa mke ameficha maharage kwa jirani, anauza kidogokidogo. Nani alianza kuficha?

Nimeamua mawili. La kwanza, msimu huu sichukui mkopo wa VICOBA kwa ajili ya mbolea ya shamba ambalo mauzo yake siyajui. Nimeshamwambia, amenuna, na anune. La pili, nataka shamba liandikwe majina mawili kwenye hatimiliki ya kimila. Sheria ya ndoa hiyohiyo inasema mali ikiwa na jina la mmoja inachukuliwa ni yake mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa na majina ya wote inachukuliwa mna haki sawa. Nikisubiri mpaka afe au aoe mwingine, nitathibitisha kwa nani? Kwa baba mkubwa aliyetoa hotuba?

Kwa hiyo wakuu, na hasa kina mama mlioko vijijini ambao mmeshafanya hili: mliandikaje majina mawili? Mlianzia kwa mtendaji wa kijiji au mlianza kwa kuweka kikao cha familia? Mume alikubali mwenyewe au alishawishiwa na nani? Na kama kuna baba humu aliyeandika jina la mke wake kwa hiari, naomba aeleze alichowajibu ndugu zake, nikamwonyeshe mume wangu asome mwenyewe.