Mmea wa ndani kwa mtu anayesahau kumwagilia, nimeshapoteza mitatu naombeni msaada

zamu_ya_usiku
Wakuu habari zenu. Naombeni ushauri kwa wenye uzoefu na mimea ya ndani. Mi nafanya kazi ya zamu, wiki hii usiku wiki ijayo mchana, nikirudi nalala tu, kwahiyo kuna kipindi siku kumi zinapita sijagusa hata kopo la maji. Mwaka huu nimepoteza mimea mitatu na kwakweli inaniuma, maana napenda sana nikifumbua macho nione kitu cha kijani pale karibu na kitanda.

Wa mwisho ndo umenichanganya kabisa. Ilikuwa ile sansevieria, yale majani marefu yanayosimama kama mapanga, na nliambiwa hiyo haifi. Nikaisahau kama wiki tatu hivi, siku niliyokumbuka nikaionea huruma nikaimwagia jagi zima, kesho yake tena, keshokutwa tena, ili kufidia. Baada ya siku kadhaa jani la katikati likaanza kuegemea upande mmoja, nikalishika kulinyoosha likang'oka mkononi bila nguvu yoyote, chini limekuwa rojorojo rangi ya kahawia na linanuka kama maji ya maua yaliyokaa muda mrefu kwenye chombo.

Sasa mmea gani unaweza kuishi na mtu wa ratiba kama yangu? Chumba kina dirisha moja, jua haliingii moja kwa moja ila mchana unaweza kusoma bila kuwasha taa.

mama_vyungu
Pole sana mdogo wangu. Ila ngoja nikwambie kitu kabla hujanunua mwingine: huo mmea hukuuua kwa kusahau. Zile wiki tatu ulikuwa mzima wa afya. Ulikufa kwa zile siku tatu za huruma.

Sansevieria ina akiba ya maji kwenye majani na kwenye ule mzizi mnene unaotambaa chini ya udongo, halafu matundu yake ya kupumulia inayafungua zaidi usiku wakati kuna ubaridi, mchana inafunga, kwahiyo maji yanayopotea ni kidogo sana. Mmea wa hivyo mwezi mzima bila maji si shida. Lakini mizizi inahitaji hewa. Udongo ukiloa muda wote zile nafasi za hewa zinajaa maji, mizizi inaoza, na mizizi ikishaoza haiwezi kunywa tena hata kama imezungukwa na maji. Ndo maana jani linalegea linaonekana kama lina kiu na wewe unazidi kumimina. Wengi wanapotelea hapo, mimi mwenyewe nilipoteza mingi kwa njia hiyohiyo nikiamini naihudumia vizuri.

Kwa chumba chako chukua zamioculcas, wengi wanaiita ZZ tu. Ni mmea wa Afrika mashariki na kusini, asili yake ni kuanzia Kenya kushuka hadi Afrika Kusini, kwahiyo msimu mrefu wa ukame umo kwenye damu yake. Ukiung'oa utaona chini vitu vya duara kama viazi, ile ndo ghala yake ya maji. Majani yanang'aa utadhani yamepakwa mafuta. Mwanga wa kawaida wa chumbani unautosha ingawa utakua polepole, unaweza kukaa miezi bila kutoa tawi, halafu siku moja unakuta chipukizi limechomoza kama ncha ya penseli. Mimi wangu naumwagilia mara moja kwa wiki tatu au nne na haujawahi kunilalamikia.

fundi_udongo
Mama kamaliza kuhusu mmea, mi naongezea kuhusu chungu kwa sababu kwa uzoefu wangu hapo ndo kifo kinapoanzia. Mkuu, hicho chungu chako kilikuwa na matundu chini??

Mtu anayesahau halafu anafidia akae mbali na vyungu vya urembo visivyo na tundu, maana maji yote ya ziada yanabaki chini usiyaone, juu udongo mkavu, chini bwawa. Chukua cha udongo wa kuchoma, kile kisichopakwa rangi, maji yanatokea hadi kwenye kuta zake kwahiyo kinakausha haraka kuliko cha plastiki. Na kisiwe kikubwa kuliko mizizi, watu wanapenda kununua kikubwa ili mmea ukue, kumbe ule udongo usio na mizizi unakaa na maji wiki nzima hakuna wa kuyanywa.

Udongo nao usitumie mweusi mzito peke yake, changanya na changarawe ndogo au mchanga mkubwa wa mto kama nusu kwa nusu. Wa baharini hapana, una chumvi.

Suala la lini umwagilie, achana na kalenda. Inua chungu. Kiinue siku umemwagilia na maji yamechuruzika, ushike ule uzito kichwani, baada ya wiki mbili kiinue tena utashangaa kilivyo chepesi. Kama huna uhakika chomeka kijiti kikavu hadi chini, kiache dakika kadhaa, kikitoka na udongo umegandia ondoka zako urudi wiki ijayo. Na siku ya kumwagilia mwagilia kweli, mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Vikombe vidogovidogo kila siku ndo vibaya zaidi.

zamu_ya_usiku
Asante sana mama, asante fundi. Nimeenda kuangalia sasa hivi, chungu hakina tundu hata moja. Nimemwaga udongo nje, chini kulikuwa na maji ya kahawia kabisa yamesimama, kumbe muda wote yalikuwepo. Mizizi yote imekuwa myeusi inachunika kwa vidole. Ila kuna jani moja la pembeni bado gumu, lina ule mstari wa njano pembeni. Kuna namna ya kuliokoa au ndo basi?

mama_vyungu
Lipo tumaini! Likate juu ya sehemu iliyolainika, kisu kiwe safi, kata mpaka uone nyama nyeupe yenye ukijani haina doa la kahawia hata moja. Liache mahali pakavu penye kivuli siku tatu nne kidonda kikauke, halafu lichomeke kwenye mchanga kama sentimita tatu. Usiwe na haraka, mizizi inachukua wiki nyingi na chipukizi jipya linaweza kukuchukulia miezi. Ila ujue mapema usije ukadhani umekosea: mmea utakaotoka kwenye jani hautakuwa na mstari wa njano, utatoka wa kijani tupu. Ule mstari unarithiwa ukigawanya mmea kwenye shina la chini tu.

nyumba_ya_paka
Samahani naingilia, ila hakuna aliyeuliza kama kuna mtoto mdogo au mnyama humo ndani na hili ni muhimu kwangu. ZZ ina vichembe vya kalsiamu oksaleti, ni kama visindano, paka akitafuna mdomo unawasha anaanza kutoa mate. Sansevieria nayo ina saponini, inatapisha. Mimi paka wangu alitafuna jani usiku nikakaa naye mpaka asubuhi nalia, alipona lakini sitasahau.

Tangu siku hiyo nina chlorophytum tu, yule wa majani membamba kama nyasi yenye mstari mweupe, anaening'iniza vitoto kwenye nyuzi ndefu. Haina sumu kwa paka wala mbwa, na chini ina mizizi minene myeupe inayohifadhi maji, ukisahau wiki mbili majani yanapauka kidogo, ukimwagilia yanarudi. Ncha zikiwa kahawia usiogope, mara nyingi ni chumvi na dawa zilizomo kwenye maji ya bomba.

kijani_tu
Mi natofautiana kidogo na wakubwa hapo juu. Kwa mtu wa zamu naona mmea wa kwenye chupa ndo rahisi kuliko yote. Tafuta pothos, ule unaotambaa wenye majani kama moyo, kata kipande chini kidogo ya lile fundo la kwenye shina, tumbukiza fundo ndani ya maji, majani yabaki juu. Baada ya wiki kama mbili unaona mizizi. Hakuna cha kukisia, maji yakipungua unayaona kwa macho unaongeza, na ukiyabadilisha kila baada ya wiki mbili tatu inatosha. Tumia chupa ya rangi ya kahawia au kijani maana ya wazi inaota utelezi wa kijani kwa sababu ya mwanga. Huo nao una vichembe kama vya ZZ so kama una paka huo mmea uache nje ya hesabu.

Pia kuna wanaotumia uzi wa pamba kama utambi, ncha moja kwenye ndoo ya maji nyingine kwenye chungu, mmea unajinywesha wenyewe hata ukisafiri.

fundi_udongo
Utambi safi kwa mimea inayopenda unyevu. Kwa sansevieria na ZZ tafadhali msiuweke, mtakuwa mmerudia ugonjwa uleule wa udongo kutokauka.

hewa_safi
Chukua hata kumi mkuu, NASA walithibitisha hiyo mimea inasafisha hewa.

mama_vyungu
Ndugu yangu ule utafiti wa 1989 ulifanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa, si chumba chenye dirisha na mlango. Kuna wengine walipitia tafiti za namna hiyo mwaka 2019 wakaona ungehitaji kuanzia mimea 10 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu ndo ifikie hewa inayoingia yenyewe dirishani. Afungue dirisha. Mmea auweke kwa sababu anapenda kuuona akiamka, inatosha.

zamu_ya_usiku
Sina mtoto wala paka kwahiyo ZZ nitaitafuta, na chungu cha tundu nimeshapata. Jani nimelikata mara mbili mpaka likatoka safi, lipo juu ya kabati linakauka, nimekata na vipande vingine viwili kutoka kwenye sehemu ya juu maana lilikuwa refu. Kuna kitu kingine niangalie kabla sijachomeka?

mama_vyungu
Vipande! Weka alama ya kalamu upande uliokuwa chini kwa kila kimoja, sasa hivi kabla hujalala. Vikishakauka vinafanana, na ukichomeka juu chini hakitoi mzizi kamwe. Maji ya kwanza utie baada ya wiki moja.

zamu_ya_usiku
Nimeamka kuweka alama. Viwili nina uhakika, cha tatu nimekigundua kwa upana wake, upande wa chini ulikuwa mnene zaidi.