Mjadala: Tupime tezi ya kila mtoto mchanga, au tuendelee kusubiri ushahidi?

Wadau, kila ukitajwa moshi wa majalala au dawa za mashambani na madhara yake kwa wajawazito, jibu ni lilelile: ushahidi uko wapi? Msimamo wangu ni kwamba hatutaupata mpaka tuanze kupima tezi ya thairoidi, ile ya shingoni inayotoa homoni za kukuza mwili na ubongo, ya kila mtoto anayezaliwa.

Tazameni Seveso, karibu na Milano, Italia. Julai 10, 1976 kiwanda cha kemikali kilitoa wingu lenye dioksini, kemikali yenye sumu kali. Watafiti walikuja kuangalia watoto waliozaliwa kati ya 1994 na 2005, wengine wa mama waliokuwa wasichana wadogo siku ya ajali. Katika eneo lililoathirika zaidi, asilimia 16.1 walikuwa na homoni ya TSH, ambayo hupanda tezi ya thairoidi inapolegea, iliyozidi mikrouniti 5 kwa mililita ya damu. Kwa mama wa maeneo jirani yasiyoguswa, asilimia 2.8. Dioksini hukaa kwenye mafuta ya mwili miaka na miaka. Nakubali, watoto wa eneo lile walikuwa wachache, na mtoto ambaye TSH yake imepanda si lazima awe mgonjwa.

Lakini utafiti ule uliwezekana kwa kuwa watoto wote wa Lombardia, mkoa wenye Seveso, walikuwa wanapimwa tayari. Mtoto anatobolewa kisigino, matone ya damu yanawekwa kwenye karatasi maalumu, yanakaushwa, yanapelekwa maabara. Basi. Kwetu Tanzania na Kenya kipimo hiki bado si cha kawaida katika hospitali za umma. Mtoto ambaye tezi yake haifanyi kazi halii, analala mno, ananyonya kwa shida, nasi tunamsifu kwamba ni mpole! Akija kugundulika, ubongo umeshaumia kwa namna isiyorekebishika, wakati dawa yake, levothairoksini, inayochukua nafasi ya homoni ya tezi, ni kidonge cha bei nafuu.

Wapo wanaosema chumvi yenye madini joto, ambayo tezi huyahitaji, inatosha. Inasaidia sana, na iendelee. Ila chumvi haimwokoi mtoto aliyezaliwa bila tezi, wala haizuii dioksini ya plastiki zinazochomwa ovyo mitaani.

Kuhusu fedha, naomba wanaopinga waingize kwenye hesabu gharama ya familia inayomlea mtoto huyo maisha yake yote.

Wauguzi na wakunga, nawasubiri ninyi hasa. Kipimo hutoa majibu ya uhakika zaidi mtoto akishatimiza siku mbili, na mama wengi huruhusiwa kabla ya hapo. Mngewapata vipi: kliniki ya kwanza, au wahudumu wa afya wa jamii wawafuate nyumbani?